Jumanne: Dawa ya Macho

Soma Ufunuo 3:14–18. Laodikia ilijiona haina upungufu. Ni mambo gani ambayo haikuyajua kuhusu hali yake?

Novemba 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Kaze, ambako leo ni Tabora, kwa njia ya misafara itokayo pwani. Walipoendelea kuelekea Ujiji, Speke aliugua macho. Februari 13, 1858, Ziwa Tanganyika lilipotokea mbele ya msafara, wenzake walifurahia kuliona. Yeye aliona ukungu tu.

Madaktari wa Kiingereza waliuita ugonjwa huo ofthalmia. Neno hilo lilitoka katika Kiyunani, ofthalmos, yaani “jicho,” likapitia Kilatini hadi Kiingereza. Ofthalmos ndilo neno lililotumika katika Ufunuo 3:18, nayo dawa inaitwa kollourion. Asili yake ni jina la mkate mdogo, kwa sababu dawa hiyo ilikandwa kama unga na kufanywa vipande vidogo, kisha ikalainishwa wakati wa kuitumia. Warumi waliliandika collyrium, na madaktari walilitumia karne nyingi baadaye.

Karibu na Laodikia palikuwa na shule ya matabibu. Kwa hiyo Yesu hakuwatajia kitu kigeni. Walijua dawa ya macho ni nini. Wasichojua ni kwamba wagonjwa ni wao.

Soma Yohana 9:40, 41. Kwa nini Yesu aliona hatari kubwa zaidi kwa wale waliosema, “Tunaona”?

Speke alijua kwamba haoni. Baada ya kurudi Kaze alipata nafuu, akasafiri kuelekea kaskazini, na Agosti 3, 1858 akaliona Ziwa Victoria. Mtu aliyeona ukungu tu mbele ya ziwa la kwanza aliliona la pili. Lakini Mlaodikia haombi kushikwa mkono, maana anadhani njia anaiona. Anaweza kufundisha lesoni kila Sabato, akahesabu makosa ya jirani, na bado ukungu ukawa juu ya macho yake mwenyewe. Hata hivyo, Yesu hakumfukuza. Alimpa shauri, akasimama mlangoni na kubisha (Ufu. 3:20). Anayebisha ndiye mwenye dawa.

Ni lini mara ya mwisho ulipokubali kuonyeshwa na mtu mwingine jambo ambalo hukuliona katika maisha yako? Ulilipokeaje?