Pumzi ya Samaki Mikononi mwa Mtoto

Mzazi anayemnunulia mtoto tangi la samaki wa baharini amempa amana. Samaki aliyeko kwenye miamba ya Shimoni au Kilifi, maji yakimchafukia, huhama. Aliyefungiwa ndani ya kioo hana pa kukimbilia: hewa yake, joto lake na chumvi ya maji yake vyote vimo mikononi mwa aliyemfungia. Waislamu wengi wamekua wakiisikia Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka; alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie riziki. Amfungiaye kiumbe amejitwika uhai wake. Mtoto aelezwe hayo kabla tangi halijatiwa maji.

Amana hiyo hujaribiwa mara nyingi kwenye pumzi. Samaki huonekana akitweta, kinywa wazi, vifuniko vya matamvua vikipiga upesi, naye ameganda juu ya maji au mbele ya pampu. Mtoto hulia apewe dawa. Mzazi hukimbilia dukani, akarudi na chupa na kuimimina. Hapo mtoto amefunzwa kutibu asichokijua, na tabia hiyo hukua naye.

Afunzwe kwanza kutazama, na aanze samaki wakiwa wazima. Akae mbele ya tangi na saa, ahesabu kila samaki anapumua mara ngapi kwa dakika, aandike daftarini. Kangaja, ambaye huogelea kutwa, hapumui sawa na samaki anayejificha mwambani. Asiyeijua pumzi ya kawaida ataitambuaje pumzi ya ugonjwa?

Siku ya shida, swali la kwanza ni hili: wanatweta wote au mmoja? Wakitweta wote kwa pamoja, yashukiwe maji. Maji ya bahari hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, lita moja hubeba chini ya miligramu 7, na joto likizidi hupungua tena. Je, umeme ulikatika pampu ikasimama? Yupo samaki aliyefia nyuma ya jiwe akaoza? Hali huwa mbaya zaidi alfajiri? Usiku mwani na matumbawe huvuta oksijeni bila kuitengeneza. Kisha amonia ipimwe, hasa tangi likiwa jipya na bakteria wa kuisafisha hawajaongezeka. Amonia huunguza matamvua, hata samaki akakosa pumzi ndani ya maji yenye hewa ya kutosha. Msaada wa haraka ni kuyatibua maji ya juu yapate hewa na kubadilisha sehemu ya maji kwa mengine yenye chumvi na joto lile lile.

Akitweta mmoja au wawili, hasa baada ya mgeni kuingizwa, itafutwe maradhi. Chembe nyeupe mwilini ni dalili ya kimelea Cryptocaryon. Vumbi laini la dhahabu ni Amyloodinium, naye ni hatari zaidi, kwani huanzia kwenye matamvua na anaweza kuua kabla vumbi halijaonekana. Samaki anayejikwaruza kwenye mawe huku amefumba kifuniko kimoja huenda ana minyoo ya matamvua. Dawa ya shaba huwaua vimelea wale wawili wa kwanza, lakini huua pia kamba, konokono na matumbawe. Kwa hiyo mgonjwa hutibiwa kwenye tangi la pembeni, na kila samaki mpya hukaa karantini wiki kadhaa kabla ya kuchanganywa na wenzake.

Mtoto wa miaka kumi anaweza kuhesabu, kuandika na kuuliza. Kupima shaba na kushika nyaya za umeme karibu na maji ni kazi ya mzazi, na kufa kwa samaki ni dhima ya mzazi kabla ya kuwa ya mtoto. Wako wanaonunua samaki wa kufanana na aliyekufa na kumtia tangini usiku, mtoto asijue. Wanadhani wamemwepusha na huzuni, kumbe wamemfunza kwamba uhai hulipwa kwa noti. Na Cryptocaryon akiwa bado yumo majini, mgeni naye ataugua. Wafugaji wengi huliacha tangi hilo siku 76 bila samaki, ili kimelea afe kwa kukosa mwili wa kumshikilia.

Muda huo ni wa malezi. Mtoto ashirikishwe kulisafisha tangi, kupima maji na kulisoma daftari lake, aone dalili zilianza lini. Familia isiyoweza kungoja siku hizo haijawa tayari kufuga samaki wa bahari, na mzazi wake aseme hapana dukani, mbele ya mtoto, na amweleze sababu.