Aliyekimbia na Aliyesimama

Katika darasa letu limezuka suala lililotugawa pande mbili, na kwa kuwa twaona si suala letu peke yetu, tumeonelea tuliandike hapa ili kila ndugu msomaji alipime kwa akili yake. Nalo ni hili: mtu akikutana na mnyama mkali njiani, akatimua mbio na kumwacha mwenziwe nyuma, je, ana lawama?

Kisa chenyewe ni hiki. Tulitoka Timau asubuhi, watu wanane, kwenda kutembea katika msitu wa Ngare Ndare, na mbele yetu alikwenda askari wa msitu mwenye bunduki. Miongoni mwetu alikuwako mzee mmoja mwenye goti bovu, na kijana mmoja aliyepewa kazi ya kumshika mkono. Kabla ya kuingia, askari alituagiza tufuatane, tusipaze sauti, na tukimwona mnyama mtu asikimbie ila kwa amri yake. Twakiri kwamba wengi wetu tulimsikiliza kwa sikio moja, kwani tulikuwa katika mizaha na kicheko.

Njia ilipopinda penye mitarakwa, tukamkuta ndovu amesimama kiasi cha hatua thelathini. Akatandaza masikio, akatikisa kichwa, akaja mbele kwa kishindo. Kijana akauachia mkono wa mzee, akakimbia. Sisi wengine, tusijifiche, tulirudi nyuma kwa kusukumana. Mzee akabaki amesimama nyuma ya askari. Askari hakupiga bunduki. Aliinua mkono akasema na yule mnyama kwa sauti nzito, na ndovu akasita, akageuka, akaingia mwituni. Yote yalikwisha kabla mtu hajahesabu hadi ishirini.

Jioni, tulipokaa kunywa chai, ndipo mashindano yalipoanza. Upande mmoja ulisema: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na aliyekimbia dhiki amejivua urafiki. Upande wa pili ukajibu kwa methali nyingine: kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Kijana aliinamisha kichwa asiguse chai yake. Mzee akasifiwa kwa ushujaa mpaka sifa zikazidi, naye akainua mkono kutunyamazisha. Akasema: "Wanangu, msinitwishe sifa isiyo yangu. Lililosimama ni goti langu. Lau ningalikuwa na miguu ya kijana huyu, mngalikuwa mwanitafuta hata sasa."

Tulicheka, lakini maneno yale yalitukosesha usingizi. Kwani ikiwa kusimama kwa mzee hakukuwa ushujaa, basi tulikuwa tumemsifu mtu kwa jambo asilolitenda. Na ikiwa twaweza kukosea katika sifa, kwa nini tusiwe tumekosea vile vile katika lawama?

Rai yetu ni kwamba hofu ni mlinzi aliyewekwa ndani ya mwili, naye haombi ruhusa. Mtu akigusa sufuria ya moto, mkono huondoka kabla hajajua kuwa ameungua. Vivyo hivyo, mtu akishtushwa na mnyama, moyo hupiga, pumzi hukatika, na mmoja hujikuta akikimbia, mwingine amekauka kama gogo, wa tatu akipiga kelele. Hapana kati yao aliyekaa akashauriana na nafsi yake. Na sote twajua habari ya Nabii Musa, amani iwe juu yake: fimbo yake ilipogeuka nyoka, alikimbia. Hakuvuliwa utume kwa kukimbia huko. Aliitwa arudi, akatulizwa, akarudi.

Mtu atasema: "Je, kama ndovu asingesita na mzee akauawa, mngesema maneno haya?" Swali hili ni zito, wala hatutaki kulikwepa. Lakini tazama lilivyo. Kijana alifanya jambo lile lile, ama ndovu amesita ama hakusita. Tukisema ana hatia mzee akifa, na hana hatia mzee akipona, basi hukumu yetu imetolewa na ndovu, si na sisi. Uamuzi wa mnyama hauwezi kuwa ndio mizani ya tabia ya mtu.

Je, maana yake ni kwamba hapana lawama kabisa? La. Lawama iko, ila watu huitafuta pasipo pahala pake. Huitafuta katika ule muda mfupi wa mshtuko, nayo hukaa kabla yake na baada yake.

Kwanza, kabla yake. Askari yule naye ni mtu kama sisi, na alitwambia baadaye kwamba hata yeye moyo ulimwenda mbio. Lakini alikuwa amejifunza. Alijua kwamba ndovu mara nyingi huja kwa kutisha tu kisha akasimama. Kwamba haoni vizuri lakini hunusa sana, kwa hiyo mwenye kutembea hutazama upepo unakovuma. Kwamba yapasa kumwachia nafasi na kurudi nyuma polepole. Alijua pia kwamba nyati si wa kutishwa kwa sauti, na kilicho salama ni kujiweka nyuma ya mti mkubwa au juu yake. Na kwamba mwenye kumkimbia simba au chui humwalika amfuate, kwa hiyo humtazama na kurudi nyuma bila kumpa mgongo. Mambo haya alikuwa ameyarudia mpaka yakawa mazoea. Hofu haikuwa katika uwezo wake, ila mazoea aliyachuma mwenyewe. Hapa ndipo mtu huulizwa. Na hapa kijana hakukosa peke yake. Tulikosa wote tuliocheka tulipokuwa tukiagizwa, na waliotuongoza ndio wa kwanza, kwa kumpa mvulana amana ya mzee bila kumweleza afanye nini.

Wako wanaojibu kwamba ajali haina kinga, na siku ya mtu ikifika hata kitandani hufa. Ni kweli, ajali haina kinga, lakini uzembe una kinga, nayo ni kusikiliza. Anayesema neno hili msituni hulisema pia nyumbani, na bado usiku hufunga mlango wake.

Zaidi ya hayo, yatupasa kujua tunapokwenda ni kwa nani. Mlima Kenya na msitu wa Ngare Ndare huungwa na njia ya ndovu yenye urefu wa kiasi cha kilomita 14, inayopita kati ya mashamba ya upande huu wa Timau. Barabara ya Nanyuki kwenda Meru iliikata njia hiyo, ikabidi lijengwe pito chini ya barabara ili wanyama wapite. Na mwanzoni mwa mwaka 2011 alipita ndovu wa kwanza, dume aliyepewa jina la Tony. Basi yule tuliyemkuta penye mitarakwa hakutuvamia. Alikuwa katika njia yake, na sisi ndio tuliobisha hodi kwa kicheko.

Pili, baada yake. Mshtuko ukiisha, akili hurudi, na hapo kila tendo ni letu. Je, aliyekimbia alirudi? Kijana yule alirudi. Alirudi akitetemeka, suruali imepasuka kwa miiba, akamshika mzee mkono hali hakuna aliyemwamrisha, asijue kama ndovu amekwenda mbali au yu karibu. Tendo hili alilichagua, na katika asubuhi ile yote hatukuona tendo lililo karibu zaidi na ushujaa. Nasi hatukulitaja hata mara moja.

Tena, je, tulisimulia kweli? Haikupita juma moja ila ndovu yule mmoja alikuwa kundi katika midomo ya watu, na hatua thelathini zimekuwa tatu. Tabia hii ni ya zamani. Mwaka 1898 simba wawili waliwasumbua wajenzi wa reli huko Tsavo, hata wengi wakalikimbilia gari la moshi na kazi ikasimama. Patterson, mhandisi aliyewaua simba wale, baadaye alitaja kwamba waliliwa watu 135. Wataalamu waliochunguza nywele na mifupa ya simba hao, iliyohifadhiwa Chicago, walikadiria mwaka 2009 kuwa ni kiasi cha watu 35. Thelathini na tano ni msiba mkubwa uliotosha. Kwa nini uongezewe?

Na kuongeza si dhara ndogo. Mnamo Januari mwaka 1980, Joy Adamson, aliyejulikana kwa kumlea simba Elsa, alikutwa amekufa huko Shaba, chini ya Isiolo. Neno la kwanza lililoenea ni kwamba ameuawa na simba. Uchunguzi ukadhihirisha kwamba aliuawa kwa mkono wa mtu. Watu walikuwa tayari kumsingizia mnyama kwa sababu mnyama hana wa kumsemea. Hivyo ndivyo tulivyomfanyia kijana wetu: tulimpata asiye na wa kumsemea, tukamtwika woga wa watu wanane.

Mwisho, tusisahau kwamba sisi tuliiendea hatari kwa kupenda, nasi tukatangulizwa na bunduki. Wako wakulima wa ngano na viazi, na watoto wa shule, wanaokutana na ndovu bila kumtafuta, alfajiri, bila askari. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi 5,000,000 kwa jamaa ya mtu aliyeuawa na mnyama. Jambo jema, lakini fidia haimsindikizi mtoto njiani. Mtu wa namna hiyo akikimbia, hatuna haki ya kumcheka. Na akimchukia ndovu, yatupasa tumsikilize kabla ya kumfundisha huruma.

Juzi tulikwenda kwa kijana yule, sote tuliokuwapo, tukamtaka radhi. Hakusema mengi. Aliuliza tu lini tutarudi msituni, na kama ataruhusiwa kumshika mzee mkono. Mzee alijibu kabla yetu: "Nitakushika mimi, mwanangu, ili safari hii tukikimbia tukimbie pamoja." Basi tumekubaliana kwamba kabla ya siku hiyo askari ataitwa darasani atufundishe tena yale aliyotufundisha, na safari hii tutamsikiliza kwa masikio yote mawili.