Kabla ya Triga, Uliza "Nani?"

Mpwa wangu aliibiwa mwezi uliopita. Wezi walibeba televisheni na mtungi wa gesi, wakamwachia hofu. Jumapili akanijia: "Mjomba, nataka kuomba leseni ya bastola. Ninunue ipi?"

Sikumlaumu. Kulinda watu wako si dhambi, na sheria imeweka njia yake. Ila kabla ya kumjibu nilimkumbusha ya Oscar Pistorius.

Alfajiri ya Februari 14, 2013, huko Pretoria, mwanariadha yule alisikia kishindo bafuni. Kwa maelezo yake, alidhani ni mwizi. Akafyatua risasi 4 kupitia mlango wa choo uliofungwa. Aliyekuwamo ni mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ilimtia hatiani kwa mauaji: alijua kuwa aliyemo mle, awe nani, angeweza kufa. Na hakuwa mgeni wa silaha. Shabaha alikuwa nayo. Kilichokosekana ni jibu la swali moja: nani?

Swali hilo sisi tumelelewa nalo. Mgeni hupiga hodi, mwenyeji huuliza ni nani. Basi, mwanangu, mazoezi yako yaanzie hapo, mikono mitupu. Usiku ukisikia mlio, hesabu kwanza watu wako: mkeo yuko kitandani? Watoto wako wapi? Wakusanye chumba kimoja, funga mlango, piga 112, kisha paza sauti uulize. Rudia hadi mwili uzoee, maana hofu haifikiri, hufanya ilichozoea.

Halafu nenda uwanja wa shabaha, ukae chini ya mwalimu, tena si siku ya kununua tu. Jifunze kutoa magazini, kuvuta slaidi nyuma na kuchungulia kama kuna risasi iliyobaki. Bastola nyingi "tupu" zimeua. Kidole kikae nje ya triga mpaka umemwona na kumtambua unayemlenga. Chagua inayoenea kiganjani mwako, si ya kutambia wenzio. Na kumbuka ukuta wa silingibodi hauzuii risasi: ukikosa sebuleni, umepiga chumba cha watoto.

Ikirudi nyumbani, iingie kwenye sefu. Juu ya kabati si maficho. Mtoto anayejua ulipoficha biskuti anajua na hapo.

Mpwa wangu alinyamaza kitambo. Kisha akasema kijana wake wa kidato cha nne huchelewa kurudi kutoka kujisomea, na hupitia mlango wa nyuma, akinyata, asimwamshe mama yake.

Nikamwambia: bastola ingoje. Leo jioni mfundishe huyo kupiga hodi, nawe ujifunze kungoja jibu.