Asiyeuliziwa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, ambaye hapana mja afichikanaye kwake. Na rehema na amani zimfikie Mtume wake, aliyekuwa akiwaulizia watu wasioulizwa na wengine.

Ama baada ya haya: mtu wa Pwani anapohamia Dodoma, limwumizalo zaidi si vumbi la kiangazi wala baridi ya usiku, ni kwamba hapana amjuaye. Kwao, Pangani au Bagamoyo, alikuwa mwana wa fulani na mjukuu wa fulani. Akikosa sala ya alfajiri, adhuhuri huuliziwa. Huku husali safu ya tatu mwaka mzima, akaugua siku saba, akarejea, na aliye ubavuni pake asijue kwamba hakuwapo. Huwatolea salamu jamaa waliokaa barazani, akaitikiwa na mmoja, wengine wasiinue macho. Na kwa madhehebu ya Imamu Shafii hana daawa juu yao, kwani kuitikia salamu kwa jamaa ni faradhi ya kifaya: akiitikia mmoja, imewaondokea wote. Sharia imetimia, naye hurudi nyumbani na moyo mzito.

Je, uzito huo ni maradhi ya nafsi, au ni haki iliyopotea? Wako wasemao ni maradhi. Hushika maneno ya Imamu Ghazali, ambaye katika Ihyaa amelaumu kupenda jaha na amesifu kutojulikana, wakasema: mwenye ikhlasi hajali kuonwa na watu, Mungu amwona. Maneno haya ni kweli, walakini yatazamwe yatoka kinywani mwa nani. Akijiambia mwenyewe aliyesahauliwa, ni dawa. Akiyasema yule aliyemsahau, ni udhuru, tena udhuru mbaya, kwa kuwa amemwachia Mola kazi aliyopewa yeye.

Mtume (s.a.w.) hakuushika udhuru huo. Imepokewa na Bukhari na Muslim habari ya mtu mweusi aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina. Wapokezi wamefanya shaka kama alikuwa mwanamume au mwanamke, na shaka hiyo peke yake yaonyesha alivyokuwa akitazamwa. Akafa, akazikwa, wala Mtume hakuarifiwa, kana kwamba jambo lake ni dogo. Mtume alipomkosa alimwulizia. Angaliweza kusema kwamba ujira wake uko kwa Mola wake, na ingalikuwa kweli. Hakusema hivyo. Aliwalaumu kwa kutomwarifu, akataka aonyeshwe kaburi, akaenda akamsalia. Na Ibn Ummi Maktum, ambaye kwa ajili yake iliteremka Sura ya Abasa, alikuwa kipofu. Uso uliokunjwa hakuuona, na aya ziliteremka vivyo hivyo. Basi kosa la kumpuuza mtu haliwi kosa kwa sababu ameumia tu.

Hapa mgeni wa Dodoma na ajitazame. Watu wa Pwani wamepita Ugogo tangu zama za misafara ya Bagamoyo na Ujiji. Walilipa hongo kwa watemi, wakanywa maji ya visima vyake, wakarudi wakisimulia ukavu wa nchi. Jina la aliyechimba kisima halikurudi nao. Reli ikafika Dodoma mwaka 1910. Vikaja vita vikuu, na majeshi, kwanza ya Wadachi kisha ya Waingereza, yakatwaa ng'ombe, nafaka na wanaume wa kuchukua mizigo. Mvua ikakosekana, ikaingia njaa ya mwaka 1917 mpaka 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Dar es Salaam iko sanamu iliyosimamishwa mwaka 1927: askari peke yake na bunduki yake. Wapagazi wametajwa katika maandishi yaliyo chini. Apitaye kwa haraka humwona askari.

Na huyu mwenye moyo mzito, ambaye hapana aliyejua kwamba aliugua, yuko Mgogo amleteaye maji kwa mkokoteni mwaka wa pili huu, naye hajamwuliza jina. Kila asubuhi hufika mlangoni akatoa salamu, na huitikiwa na mmoja kwa nyumba nzima.