Kinasa Sauti Kabla ya Ruhusa

Mfikirie binti wa Kimuka, huko nyuma ya vilima vya Ngong, anayesomea sheria. Amebahatika kupata nafasi ya uanagenzi katika shirika la kimataifa linaloshughulikia miliki bunifu, na kazi yake ya kwanza ni ripoti juu ya sanaa za jamii za wafugaji. Anarudi nyumbani, anaketi na koko wake, yaani bibi yake, kivulini, simu ikinasa. Koko anatunga shanga kwenye waya mwembamba, moja moja, huku akieleza kwa nini nyeupe inafuata nyekundu na mkufu upi huvaliwa na bibi harusi. Binti anapiga picha kila hatua. Ripoti inasifiwa, inawekwa hadharani, yeyote anaipakua.

Baadaye duka la ng'ambo linauza mkufu uleule. Koko anaonyeshwa picha, anauliza, "Mjukuu wangu, hawa nani aliwapa?"

Kinachoniuma ni kwamba pale huoni mwizi. Kwa kawaida hakimiliki ya picha na sauti ni ya aliyenasa au mwajiri wake. Msimuliaji mara nyingi hapati kitu. Muundo nao ukishatangazwa si mpya tena, hivyo kuusajili kunakuwa kugumu. Bidii ya binti ndiyo iliyofungua mlango.

Na sheria ipo. Kifungu cha 11 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalitaka Bunge lihakikishe jamii zinalipwa fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa. Mwaka 2016 ikaja sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, inayotaka wenyewe waelezwe kila kitu na waridhie kabla ya chochote kuchukuliwa. Lakini sheria ya Kenya inaishia mpakani. Kampuni ya mitindo ya Paris, Louis Vuitton, ilipotoa mavazi ya kiume ya msimu wa kiangazi 2012 yaliyofanana na shuka la Kimaasai, sheria hiyo haikuwapo, na hata ingekuwapo isingefika Paris. Hata mkataba wa kimataifa uliopitishwa Geneva tarehe 24 Mei 2024 unahusu hataza zinazotokana na rasilimali za kijenetiki na maarifa yanayoambatana nazo. Shanga hazimo.

Panapowezekana kupigana, wanahitajika watu walio macho. Kampuni ya Uingereza ilipoomba kusajili jina "kikoy" kuwa alama yake ya biashara, pingamizi liliwasilishwa kwa msaada wa shirika la Traidcraft, na ombi likaondolewa. Jina la kitambaa cha pwani liliponea hapo, kwa sababu kuna aliyesoma tangazo kwa wakati.

Kwa hiyo mwanagenzi anayekwenda kijijini aanze na wazee na akina mama kabla ya kugusa simu: nani atamiliki rekodi, nani ataisikia, kipi kisitoke kabisa. Aandike majibu yao kwa lugha yao, wayasikie yakisomwa. Njia hii imewahi kujaribiwa. Mwaka 2008 Shirika la Miliki Bunifu Duniani liliwasaidia Wamaasai wa Il Ngwesi, Laikipia, kwa kuwapeleka wawili wao, pamoja na mtaalamu wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, kufundishwa Marekani kunasa na kuhifadhi urithi wao. Kamera walizishika wenyewe.