Siri Isiyofichwa

Si ajabu, katika nyumba ya Mkatoliki wa Kashai, mjini Bukoba, kuikuta picha ya Karamu ya Mwisho imetundikwa juu ya meza ya chakula. Asili yake ni mchoro wa ukutani alioufanya Leonardo da Vinci katika bwalo la watawa huko Milan, akaumaliza karibu na 1498.

Tangu riwaya ya Dan Brown ya 2003, wengi huichokoa picha hiyo kama sanduku lenye kufuli: eti Yohana ni Maria Magdalena, eti kisu mkononi mwa Petro ni ishara ya njama. Hoja hizo ni dhaifu. Wachoraji wa Florence walizoea kumchora Yohana kijana asiye na ndevu; na kisu chautangulia upanga uliokata sikio la mtumishi usiku ule ule.

Fumbo lenyewe li wazi. Wachoraji waliotangulia walizoea kumtenga Yuda peke yake ng'ambo ya meza. Leonardo alimketisha kati ya wenzake, mfuko mkononi, wakati kila mtume anapouliza kama ndiye yeye. Wahaya wa zamani wangelifahamu hilo pasipo kufasiriwa. Buni iliyopakwa damu ya watu wawili, ikatafunwa, iliwafanya ndugu. Na aliyeweza kuusaliti undugu huo, omukago, ni yule tu aliyekwisha kula. Anayemtafuta Magdalena hujiepusha na swali la mitume, nalo limetundikwa juu ya sahani yake.