Usihesabu Vichwa, Hesabu Mifuko!

Wewe unayetafuta nauli ya kwenda Mbarara kesho, simama! Wewe uliyeuza mbuzi, uliyekopa kwenye kikundi, uliyemwomba ndugu yako wa ng'ambo atume dola, simama unisikilize!

Ninajua ulivyoambiwa. Dalali alikuketisha pale Base Camp, hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, akafungua simu, akakusomea hesabu ya watu. Mwaka 2014 Uganda ilikuwa na watu milioni 34.6. Mwaka 2024, milioni 45.9. Watu wanaongezeka, akasema, ardhi haiongezeki. Kwa hiyo kiwanja cha Mbarara lazima kipande bei, na asiyenunua leo atajuta.

Hesabu hizo ni za kweli. Hapo ndipo penye hatari! Uongo mtupu ungeukimbia. Huu umevalishwa takwimu za serikali, nawe ukaupigia makofi.

Lakini hiyo "kwa hiyo" ameitoa wapi? Bei hupandishwa na mwenye fedha mkononi. Karibu nusu ya hao milioni 45.9 ni watoto wasiofika miaka 18. Wanataka uji, wanataka madaftari, wanataka dawa ya malaria. Nani kati yao atakuja kununua kiwanja chako?

Na hili umeliona kwa macho yako mwenyewe! Nenda dukani kwa jirani. Je, watu wa Nakivale wamepungua? Wakongo wanaingia, watoto wanazaliwa, foleni ya maji inarefuka. Lakini mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilisitisha msaada wa chakula kwa wakimbizi karibu milioni moja nchini Uganda, na duka likajibu papo hapo. Sabuni ya mche ikakatwa vipande, na kipande kikakatwa tena. Mafuta yakafungwa kwenye vifuko vya nailoni, ya kukaangia mara moja tu. Daftari la madeni likajaa, likanunuliwa jingine. Kama wingi wa watu ungekuwa utajiri, mwenye duka huyo angekuwa anakukopesha wewe mamilioni!

Tazama na mbali. Niger ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi kuliko zote duniani. Mbona umaskini haujaondoka? Japani watu wanapungua mwaka hadi mwaka, na bado Februari 2024 bei za hisa za Tokyo zilivuka kilele cha mwaka 1989. Sisemi idadi ya watu ni bure. Mbarara imekuwa jiji tangu 2020, inajengwa, na wapo waliofaidika. Ila idadi peke yake haijengi nyumba, na wewe umepewa idadi peke yake!

Tena, nani asiyeijua? Dalali anaijua, mwenye shamba anaijua, mwenye benki anaijua. Ongezeko linaloonekana na kila mtu limekwisha kutiwa kwenye bei unayotajiwa. Unamlipia mnunuzi ambaye hata hajazaliwa!

Na watu wana miguu. Makazi haya ya Nakivale yalifunguliwa kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwisho wa miaka ya 1950. Zaidi ya miaka thelathini wakazaa, wakalima, wakafuga. Ulipofika 1994, wengi wao wakafunga mizigo wakarudi kwao. Nani alikuwa ameliandika hilo kwenye mchoro wake wa idadi inayopanda?

Sasa nikuulize: unanunua nini hasa? Ndani ya makazi ardhi ni ya serikali. Umepewa ulime, hukupewa uuze. Nje ya makazi, Katiba ya Uganda ya 1995 inamruhusu asiye raia kukodi ardhi, na sheria ya 1998 inaweka ukomo wa miaka 99. Dalali amekuambia "yako milele". Milele ipi? Hati umeiona? Umeipeleka ofisi ya ardhi Mbarara ikakaguliwe? Umewauliza wanaopakana na kiwanja hicho?

Hujauliza, kwa kuwa unaogopa jibu!

Unajua, ndugu yangu. Ulijua siku ileile, ulipoona anakuhimiza ulipe kabla ya kufika kiwanjani. Usiku unapiga hesabu, hesabu inagoma, unajigeuza upande wa pili. Unasema nitachunguza nikishalipa. Nikishalipa! Februari shule zinafunguliwa, ada inadaiwa, na kiwanja hakiuziki kwa wiki moja ili mtoto aingie darasani.

Geuka sasa! Fedha bado ziko mkononi, sahihi bado hujatia, mkeo bado hajui ulichotaka kufanya na akiba ya nyumba. Chukua simu. Mwambie dalali hulipi hata shilingi kabla hati haijakaguliwa na kabla hajakuonyesha watu wazima, wenye kipato, wanaonunua eneo lilelile mwaka huu. Atakuambia kuna mnunuzi mwingine anasubiri mlangoni.

Mwache anunue!